Boya la Tenki Nimelibadilisha Mwenyewe

Jumatano, Chonyonyo

Na sitaomba radhi. Boya la tenki, lile linalokata maji tenki likijaa, limekufa, tenki likafurika tena, maji yakateremka ukutani hadi chumba cha magunia ya kahawa. Nikampigia shemeji Deusi, ambaye mume wangu alimwachia nyumba alipokwenda Bukoba kikazi.

"Shemeji, usiguse mabomba. Subiri kaka arudi."

Nisubiri nini? Gunia la chini lilishalowa. Nikafunga koki kubwa ya nje, nikapanda boda kwenda dukani Nyakahanga, nikarudi na boya jipya. Jirani yangu Mama Asimwe akanishikia ngazi, nikapanda kulifunga. Nakiri niliogopa kuanguka, na zaidi niliogopa kuharibu halafu nichekwe. Nilipomaliza, nikafungua koki.

Jioni Deusi akaja, akatazama juu. "Fundi nani?"

"Mimi."

"Kaka hatafurahi."

"Kahawa ikioza ndiyo atafurahi?"

Akanisaidia kutoa lile gunia tulianike.

Sijui kama kahawa ile itapona, na ukuta bado una unyevu. Lakini tenki limejaa na maji yamekata yenyewe. Kesho nanunua spana yangu.