Fundi Bomba Aliyekosa Kura Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Jumapili iliyopita nilipoteza kiti cha udiwani kwa kura tisa, na Jumanne asubuhi mke wangu akabeba begi akaenda kwa mama yake, na mpaka sasa nalala na maswali mawili badala ya usingizi.

Mimi ni fundi bomba, kata nzima wananiita Fundi Presha, sikurithi kitu kwa mtu, nilianza na spana ya kuazima na ndoo iliyotoboka, leo nina duka la vifaa na mafundi wawili chini yangu, na nilipoona diwani aliyepita anamaliza miaka mitano bila kutuletea hata bomba moja la mtaa nikasema, kwa nini nisisimame mimi ninayejua maji yanakatikia wapi? Nikachukua fomu. Mimi ni mtu wa hesabu, mshauri: kwa miaka sita nimetengeneza nyumba mia sita na arobaini katika kata hii, kila nyumba nikaikadiria wapiga kura wawili tu, nikapata 1,280, na huyo mshindi amepata 1,204! Mimi 1,195. Sasa watu wangu themanini na watano walipitia mlango gani?

Kinachoniuma zaidi ni aliyenishinda. Kinyozi. Ana kibanda cha viti viwili mkabala na zahanati, na hajawahi kurekebisha chochote kwenye kata hii zaidi ya ndevu. Mikutano yake yote alikuwa anauliza tu, "Na wewe mama, kwako kukoje?" anaandika kwenye daftari, basi. Mimi nilileta ushahidi. Mkutano wa mwisho uwanja ulijaa, nikashika kipaza sauti nikawa nawasimamisha niliowahudumia mmoja mmoja: "Mzee wa duka la viatu, simama! Choo chako kilipofurika wageni wakiwa sebuleni, nani alikuja?" "Mwalimu mkuu, usijifiche! Karo lako lilinuka miezi miwili, nani alilizibua?" Nikamalizia na mama mkwe wangu, aliyekaa mstari wa mbele na kilemba chake kipya: "Hata huyu mama, mimi ndiye niliyemtolea meno ya bandia kwenye bomba la choo!" Uwanja ulivunjika mbavu, nikajua kiti ni changu.

Matokeo yalipobandikwa nikatulia siku moja, kisha nikamuuliza mke wangu kistaarabu kabisa, tukinywa chai. "Mama watoto, kura tano tu zikitoka kwake zikaja kwangu, ninamshinda kwa moja. Kwenu mko wanne, na wewe ni wa tano. Nieleze."

Akaweka kikombe chini. "Unaniuliza kura yangu?"

"Nauliza hesabu."

"Ule mkutano wa mwisho unao kwenye simu?"

"Ninao."

"Usikilize mpaka mwisho. Ukimaliza, mimi niko kwa mama."

Nimeusikiliza mara tatu. Sauti iko safi, makofi yapo, kicheko kipo, kasoro siioni. Sasa shemeji yangu ameitisha kikao huko kwao Jumamosi saa nne asubuhi. Mafundi wangu wanasema nigome, nisiguse tena bomba la mtu yeyote hapa mpaka watu waione thamani yangu. Je, niende kikaoni na daftari langu la kazi niwasomee nyumba zote mia sita na arobaini, au mke wangu aape mbele ya ndugu zake kwamba alinipigia mimi? Sitaki kuzungushwa. Nijibu moja kwa moja, kabla ya Jumamosi saa nne.

Fundi Presha

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole sana. Kukosa kura tisa kunauma kuliko kukosa elfu, na mtu aliyeanza na spana ya kuazima akathubutu kuchukua fomu namvulia kofia. Lakini barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na mwenzangu anayepanga kurasa alisimamisha kazi nilipofika kwenye meno. Wewe umesikiliza mara tatu hukusikia kitu? Basi nikuonyeshe panapovuja.

Mtu anayekuita choo kimefurika anakufungulia mlango ambao hata ndugu zake hawafunguliwi. Alikuwa amekuamini tangu siku hiyo, kabla hujaomba kura. Ulipomtaja kwenye kipaza sauti, hata yule ambaye hujawahi kumgusia koki alianza kujiuliza: nikimpelekea huyu ugomvi wa kiwanja changu, au mtoto wangu aliyefukuzwa shule, atakuja kuyatangaza wapi? Waliocheka, ndugu yangu, walikuwa wanashukuru kwamba hujafika kwao.

Kinyozi wako naye husimuliwa mambo ya nyumba za watu kutwa nzima, mkasi ukiwa mkononi. Mikutano yote ile alimtaja nani? Hata mmoja. Wewe ulimwona hana ushahidi, wenzako wakaona anaweza kukaa na neno la mtu. Wamempa kiti.

Kuhusu mkeo: usimuulize kura yake, si Jumamosi, si miaka mitano ijayo. Pale anapopiga kura huingia peke yake, mume hana nafasi. Sijui alimpigia nani na wala sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba wakati wewe unautazama umati, yeye alikuwa anamtazama mama yake.

Kwa hiyo daftari libaki dukani. Fika kwa mama mkwe saa tatu na nusu, kabla kikao hakijaanza, muombe mzungumze pembeni wawili tu, umtake radhi. Usicheke. Na usithubutu kusema "ilikuwa kampeni tu." Kikao kikianza, wewe sikiliza. Jumapili nenda kwa mzee wa viatu na kwa mwalimu mkuu, nyumbani kwao, bila mtu wa kukupiga picha. Habari ya kugoma achana nayo. Mtu akikuita, beba spana uende, ukirudi uwe umesahau ulichokiona. Na kinyozi akikuuliza mabomba ya mtaa yapite wapi, mwelekeze vizuri, kama kweli ulichotaka ni maji.

Ulitaka jibu la moja kwa moja, umelipata. Sasa nami nidai langu. Kabla hujamtangaza mama mkwe wako pale uwanjani, ulimwomba ruhusa? Ndiyo au hapana. Simu ya gazeti iko wazi mpaka Ijumaa saa kumi jioni, na mahesabu sipokei.