Zamu ya Ng'ombe Darajani

Ijumaa, 2 Septemba 1955

Lakini mimi bado nasema daraja lile lisipanuliwe! Jana nilimwambia Efraimu hivyohivyo, akacheka mpaka chai ikampalia. Akasema mke wa mchora ramani wa serikali hawezi kutamka maneno kama hayo mbele za watu. Basi nayasema hapa.

Kwa sababu lingekuwa pana, mimi ningepita tu. Basi letu kutoka Machame lingeuvuka mto Themi kama upepo, na yule kijana mrefu mwenye kamba ya kupimia begani asingepata nafasi ya kusimama chini ya dirisha langu na kuniuliza kama nina kiu. Malori ya kahawa mbele, ng'ombe nyuma, mkokoteni umevunjika gurudumu katikati — na mimi dirishani naomba kimoyomoyo njia isifunguke! Sasa ni mume wangu. Hii ni wiki yetu ya tatu. Nikiamka kabla yake namtazama masikio. Ana masikio mazuri mno.

Na sasa daraja hilohilo ndilo kazi yake. Injinia amemwagiza apime njia zote za kupunguza msongamano, kuanzia darajani mpaka sokoni, azilinganishe, kisha aandike mwenyewe ipi iliyo bora. Atie na jina lake chini! Injinia ataipeleka karatasi kwa wakubwa mwisho wa mwezi, kabla hajaenda likizo kwao. Efraimu anasema ofisini kwao Mwafrika hajawahi kuulizwa anaonaje. Huulizwa tu kama amemaliza.

Jumapili, 4 Septemba

Baada ya kanisa tumecheza barabara! Nilitandika kile kitambaa cha harusi. Kijiko kikawa daraja, maharage malori, punje za mahindi ng'ombe. Birika likawa Mlima Meru, na mvuke wake ukawa mawingu. Nilitazama ule mvuke nikasahau tulichokuwa tukifanya, mpaka akanigusa shavu.

Kwanza tukapanua daraja — vijiko viwili. Maharage yakavuka vizuri, yakaenda kujazana kwenye kona ya soko, pale penye maduka ya Wahindi, ambapo hakuna atakayekubali kubomoa ukuta wake. Tumeuhamisha msongamano, Efraimu akasema, hatujauondoa. Fundi Avtar Singh wa ofisini kwao ndiye anayeipenda njia hiyo. Eti Avtar, ukimpa mawe na saruji, atapanua hata mlango wa kanisa.

Pili tukazungusha barabara mpya kusini, kupitia Lemara, malori yasiingie mjini kabisa. Hiyo ilipendeza! Maharage yalipita pembeni kimya kimya kama watu wanaotoka ibadani. Lakini mto ni uleule, litatakiwa daraja lingine huko, na kazi itachukua miaka. Mpaka iishe, alisema, tutakuwa na watoto wanaosoma. Baada ya hapo sikusikia tena habari za barabara.

Tatu, mtu wa bendera kila upande, wapite kwa zamu. Mimi nilikuwa bendera. Akanipita bila ruhusa, akanibusu. Nikamwambia huyo dereva atanyang'anywa leseni. Zamu inafaa kwa magari, alisema, lakini kundi la ng'ombe likishaanza kuvuka huwezi kulikata katikati.

Akazisukuma punje za mahindi kwa kidole, polepole, mpaka ukingoni mwa meza. Njia ya nne: ng'ombe wasivuke mpaka saa sita mchana. Maharage yote yakavuka mara moja. Haina gharama, na inaweza kuanza hata kesho. Anaona ndiyo bora, yeye mwana wa mfugaji. Nilimpigia makofi — ana akili jamani! Ila punje kadhaa zilianguka sakafuni, na nilipoinama kuziokota sikujisikia vizuri. Sijui kwa nini.

Jumatano, 7 Septemba

Wifi yangu Nalepo amekuja kutoka Nduruma na kibuyu cha maziwa. Amekuja na maneno pia. Baba yao amesikia habari ya saa sita. Hakuna siri darajani, kila anayesubiri pale anasimulia.

Jumapili hii Baba alikuwa aje kuibariki nyumba yetu, mara yake ya kwanza kuingia. Nilikwisha kuazima kiti chenye mikono. Haji. Nalepo alisimama katikati ya chumba akayasema kama alivyoagizwa:

"Kama ng'ombe wangu hawavuki, na mimi sivuki."

Efraimu akajibu taratibu kwamba ni asubuhi tu, si siku nzima. Nalepo akamuuliza kama jua la Nduruma amelisahau kule shuleni. Ng'ombe husafirishwa alfajiri kwa sababu ya jua. Ukiwasimamisha mpaka saa sita, alisema, watakaovuka si ng'ombe, ni ngozi zinazotembea. Halafu akamuuliza kaka yake siku hizi ni Mzungu wa wapi, wa Ulaya au wa ofisini.

Efraimu alicheka kidogo. Macho yake hayakucheka.

Alhamisi, 8 Septemba

Hakula. Hata ndizi nilizopika kwa maziwa ya kwao! Anachora mstari, anafuta, anachora palepale. Mlima leo umejifunika mpaka miguuni kama bibi harusi aliyeghairi. Mimi sijaghairi. Nilimwekea mkono kichwani tukakaa hivyo mpaka taa ikaanza kufifia.

Jumanne, 13 Septemba

Leo wamejaribu njia ya nne. Nilikwenda kuangalia, nimevaa gauni la buluu ili anione kwa mbali.

Ilifaulu! Malori yalipita moja baada ya jingine, vumbi lao jekundu likipanda juani, na mimi nimesimama ndani ya vumbi hilo nikiona kama naota. Injinia akampa Efraimu mkono mbele ya watu wote. Mume wangu! Alikuwa mrefu kuliko miti.

Kisha akageuka kutazama ng'ambo. Nyuma ya kamba walisimama ng'ombe, vichwa chini, hakuna kivuli wala maji, na mzee wa shuka jekundu akisimama nao. Hakukaa hata mara moja. Baba na mwana walitazamana juu ya mto, hakuna aliyepunga mkono. Efraimu ndiye aliyeangalia pembeni kwanza.

Jioni nilimuuliza ng'ombe walivukia wapi kabla daraja halijajengwa. Kule chini, akasema, kwenye mawe mapana, alivuka pale akiwa mtoto ameshika mkia wa ndama. Basi kwa nini wasirudi huko? Kwa sababu siku hizi kuna uzio wa waya wa shamba la kahawa la Mgiriki mmoja, mpaka kwenye maji. Hivyo ng'ombe wakapandishwa darajani, na msongamano ukaanza.

Nikasema mbona hiyo ndiyo njia ya tano! Iandike!

"Aika," akaniambia, "ofisi yetu inaweza kuhamisha mto. Uzio haiwezi. Na mimi nikiutaja, watanihamisha mimi."

Akaniomba nisilitamke neno hilo kwa mtu yeyote. Nikamwahidi. Ningemwahidi hata nyota.

Jumamosi, 17 Septemba

Niandike upesi kabla hajarudi.

Efraimu yuko ofisini, wanaipiga karatasi chapa. Njia ya nne ndiyo iliyochaguliwa, imebaki sahihi yake. Nalepo akanipitia asubuhi twende darajani, kwa kuwa ni siku ya mnada na Baba atakuwapo. Sikuuliza kwa nini twende. Nadhani nilijua.

Jaribio lilikuwa la siku moja tu, na msongamano ulikuwa ule wa zamani, mzuri, wa kelele. Baba alikuwa ng'ambo, mbele ya malori, kundi lake limeziba mdomo wa daraja, nasi tukavuka kwa miguu. Kwao mke wa mwana hakutani na mkwe uso kwa uso njiani. Nikashuka pembeni, nikavuta kanga kichwani, nikageukia mibuni iliyo kando ya njia. Nalepo alisimama kati yetu. Baba hakunisalimu. Aliegemea ng'ombe mmoja mweusi, yule anayewaongoza wenzake, akaanza kuzungumza naye. Kwa Kiswahili! Ng'ombe ambaye maisha yake yote amesikia Kimaasai! Ndipo nikajua anazungumza na nani.

"Narok," alisema, "mama yako hakuwahi kunusa moshi wa lori. Alivukia chini."

Akamwambia mengi huyo Narok. Kwamba wakati wa masika mawe yale hufunikwa, amekwisha kupoteza ndama pale, na katika miezi hiyo yeye atasubiri saa sita bila kunung'unika. Lakini sasa ni kiangazi. Ufunguliwe mlango mmoja kwenye uzio, basi. Na yule anayechora aje akanyage mawe kwa miguu yake kabla hajaweka jina lake.

Nalepo akanibana kiwiko. Nijibu. Nimjibu nani? Ng'ombe, bila shaka! Nikaiambia mibuni:

"Narok, mwambie mwenye kundi kwamba anayechora haogopi ng'ombe. Anaogopa uzio."

Nimelisema. Neno lilelile aliloniomba nilifiche.

Malori yananguruma. Kisha nikasikia cheko fupi, kavu, kama la Efraimu.

"Na mimi nauogopa, Narok," alisema. "Twende tukauogope pamoja."

Akamgeuza yule ng'ombe kuelekea nyumbani, na wengine wote wakamfuata, maana ndiye kiongozi. Daraja likafunguka palepale! Madereva wakapiga honi kwa furaha. Na yeye, mgongo ukiwa kwangu, akasema neno moja ambalo sikulielewa: Pakiteng. Ng'ombe wako yuko Nduruma, Pakiteng.

Nalepo akaniambia huku anafuta macho. Kwao anayetoa ng'ombe na anayepokea huitana hivyo, mpaka kufa. Kabla ya hapo mimi na Baba hatukuwa na jina la kuitana. Sasa tunalo. Narok ni wangu! Na ng'ombe wangu yuko upande wa pili wa ile kamba ya Jumanne.

Nikaita nyuma yake kwa nguvu zote, nikamwita kwa jina hilo, nikaahidi tutakuja kuyakanyaga mawe, kwa niaba ya watu wawili wakati mmoja wao hajui lolote.

Nasikia mluzi wake njiani. Namwona dirishani — ana karatasi kwapani, anatabasamu, jua linapenya masikio yake. Atataka wino wa kutia sahihi. Wino ninao mimi, ndio huu ninaoandikia. Lazima nianze kwa kumwambia nimelitoa neno lake. Au nianze na ng'ombe? Anapangusa viatu. Kabla mwezi haujaisha, Pakiteng, tutakuja wote wawili, kwa njia ya mawe