Mayai Niliyoyaacha Juu ya Kichanja

Baba yangu uliyelala Endamarariek,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila hiyo utaniuliza nimelelewa na nani.

Mjukuu wako Neema amejifungua. Juzi, akiwa amempakata mtoto, aliniuliza swali nililolikwepa miaka yote: "Mama, kwa nini babu hakuwahi kunibeba hata mara moja?" Safari hii nilimjibu. Sasa nakuandikia wewe, maana si haki mjukuu ajue na mwenyewe usijue.

Unakikumbuka chumba chetu kambini, kwenye lile shamba la kahawa juu ya Karatu. Mama alikuwa ameshafariki, tumebaki wewe na mimi na buibui wako kumi na mmoja. Wenzako waliotoka Singida na Mbulu walifuga kuku. Wewe ulifuga buibui wa shimoni, wale wenye manyoya, ambao mmoja akitandaza miguu anafunika kisahani cha chai. Uliwachimba mwenyewe kwenye udongo mkavu, ukawaweka kwenye madebe yaliyokatwa nusu, udongo ndani, wavu juu. Ulikuwa unawalisha mende na panzi kabla hujaniuliza mimi nimekula nini. Majirani hawakuingia kwetu, na vijana wa kambini walinisalimia wakiwa barabarani. Nadhani hilo lilikufurahisha.

Chanzo ni yule mzungu aliyekuwa akifikia Ngorongoro kila mwaka. Alikwambia kwao watu wanawafuga sebuleni, kwenye masanduku ya kioo, na alichukua watoto wa buibui mmoja mmoja ndani ya vikopo vya filamu. Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa, magari ya watalii yakapungua, naye hakuonekana tena. Nilidhani utawaachia. Ukasema, "Mama, hawa hawajui kama mzungu haji." Uliniita Mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako.

Ulinifundisha kazi yote. Siku ya kumwingiza dume kwa jike ulisimama na kijiti mkononi, kwa sababu wakimaliza mambo yao jike humgeukia mumewe akamla. Ulimwokoa dume yule kwa kijiti, ukanitazama. "Umeona tabia zenu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa umemtafuta dume huyo kwa miaka miwili, kila Jumapili, huku wenzako wakiwa kanisani au kwenye pombe.

Jike alipotaga, aliyafunga mayai kwenye kifuko cha utando wake, cheupe, ukubwa wa ndimu, akakikumbatia. Ulinikataza hata kukohoa karibu yake, kwani akisumbuliwa anakila chote. Baada ya wiki tatu ulimnyang'anya kwa kijiko, ukakilaza kwenye kitambaa kilichoning'inia ndani ya kopo, chini yake pamba yenye maji. Kuanzia hapo mama wa mayai ulikuwa wewe. Buibui hukigeuza kifuko chake siku nzima, kwa hiyo na sisi ilibidi tukigeuze, la sivyo mayai yanalaliana na kuoza. Tulifuata kengele ya shamba. Ya asubuhi na ya jioni zilikuwa zako. Ya mchana ilikuwa yangu, kwa kuwa saa hizo ulikuwa kwenye mistari ya kahawa na bomba la dawa ya wadudu mgongoni.

Ilikuwa Julai, ukungu hautoki hadi saa sita. Ulipotoka asubuhi uliniambia nikiangalie kifuko kisipigwe na baridi. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na mnadani kulikuwa na mtu ananisubiri. Ulikuja kumjua baadaye, ndiye baba yake Neema. Nikajiona nina akili sana. Nililiweka kopo juu ya kichanja, pale juu ya jiko tulipokuwa tunakaushia kuni, moto nikaufukia kwa majivu, nikasema nitakwenda na kurudi. Nilirudi kengele ya jioni ikikaribia. Kuni zilikuwa zimeshika moto upya. Kopo liliniunguza vidole, na pamba ilikuwa imekauka kau.

Nikajikausha. Nililowesha pamba, nikakigeuza kifuko, nikalirudisha kopo mahali pake. Ulipoingia uliniuliza, "Umegeuza?" Nikasema nimegeuza.

Wiki tatu tulizungusha kitu kilichokufa. Zamu yangu sikuikosa hata siku moja. Hatimaye ukakipasua kwa wembe, na mayai yalikuwa makavu, ya njano, yameshikana kama ukoko wa uji. Ulikaa kwenye kigoda. Kisha ukavileta viganja vyako puani, ukavinusa.

"Ni hii dawa ya kahawa," ulisema. "Nimewaua kwa mikono yangu."

Hapo ndipo ningesema. Lakini nikitaja kichanja, utauliza nilikuwa wapi, na nikisema nilikuwa wapi, utauliza nilikuwa na nani. Nikamficha mwanamume yule nyuma ya mikono yako, Baba. Na yeye mwenyewe aliondoka Neema akiwa hajaota meno.

Uliwarudisha buibui wote porini, ukayaosha madebe. Sabuni miaka ile haikuonekana dukani, kwa hiyo ukaanza kujisugua mikono kwa majivu na mchanga, asubuhi na jioni, hadi ngozi ikapasuka. Halafu unarudi kwenye bomba, kwani ungekula nini? Nilikuwa nakutazama ukijisugua, nakuletea maji ya kusuuza. Maji nilikuletea, neno sikuleta.

Mwaka uliofuata nikamzaa Neema. Shangazi alikuja kutoka Singida, akataka umpakate mtoto umpe jina. Ulilitamka jina ukiwa mlangoni, mikono nyuma. "Nampenda nikiwa hapa hapa," ulimwambia. Shangazi aliona unamkataa mtoto kwa sababu amezaliwa nje ya ndoa, akaondoka amenuna. Watu kambini waliona vivyo hivyo. Mimi nilijua, nikawaacha waseme.

Kuna siku moja inayonikosesha raha kuliko zote. Neema alikuwa na miaka minne, alilala usingizi nje, juu ya turubai la mahindi, jua la saa saba likampata. Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Niliporudi nilikukuta umesimama juu yake, umelitanua koti lako kwa mikono miwili, unamkinga. Sijui ulisimama muda gani. Mtu mwingine angemwinua akamwingiza ndani, hatua kumi tu. Ukaniambia, "Mchukue wewe. Naogopa kumgusa." Nilimbeba, nikabaki nimesimama mbele yako.

Mwaka mmoja baadaye kifua kilikuzidi. Pengine dawa ile ndiyo iliyokuua, hakuna daktari aliyetuambia. Mayai haikuyaua. Niliyaua mimi, kwa moto wangu, nikiwa mnadani nacheka. Mikono yako ingeweza kumbeba mtoto siku zote hizo. Nimeshazeeka, na bado kila nikimwona mzee amembeba mjukuu wake naangalia pembeni.

Neema alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto akinyonya. Nilitegemea atanigombeza. Aliuliza jambo moja tu: siku ile ya jua, nilipokuwa nimesimama mbele yako, sikutaka kukwambia?

Nikamwambia nilitaka. Lilikuwa limefika mdomoni.

"Sasa ulimwambia nini?"

Nikamwambia kweli. Nilikwambia uje ule, ugali unapoa.

Nisamehe, Baba, kama huko uliko mtu anaweza kusamehe.

Ni mimi,
Binti yako