Kwa Nini Niliwanyima Damu

Timbwani, Jumapili

Mjukuu wangu Kadzo,

Sisi hatujambo. Nyanyako sasa anatembea bila mkongojo, na nduguyo amepata kibarua bandarini.

Umeuliza kwa nini niliwanyima damu watafiti wa vinasaba. Nilipokuwa kijana, watafiti wengine walifika kwetu Mwakirunge. Dada yangu Mbodze alikuwa akiumwa mifupa tangu utotoni, wakachukua damu yake. Mama aliuliza inapelekwa wapi.

"Kwani mama utaifuata kwa ndege?" mkalimani wao akamtania, watu wakaangua kicheko.

Mama hakukasirika. Aliwapikia wali kwa kuku, wakala wakashiba. Kwake, aliyekula chakula chako hawezi kukutupa. "Wamekula kwangu, watarudi na jibu," alisema, hata baada ya kumzika Mbodze.

Hawa wa juzi walikuwa na adabu, na karatasi yao ilieleza kila kitu kwa Kiswahili. Niliuliza moja tu: "Mkiona ugonjwa katika damu yangu, mtarudi kuniambia?"

"Hapana, babu," binti mmoja kati yao akajibu taratibu. "Majibu ya mtu mmoja mmoja hatutoi. Ndiyo sheria yetu."

Nilimshukuru, nikateremsha mkono wa shati. Laiti Mama naye angeambiwa hivyo, asingekaa miaka yote ile akichungulia njia.

Babu yako,
Kahindi