Mlenda Usio na Karanga

Jumapili, 17 Juni. Baridi, na upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mdomo wa juu bado umevimba kidogo.

Naandika barazani kwangu, Area D, shuka mabegani. Kesho nikitoka kazini nitapita kwenye duka la intaneti niichape hii kwenye blogu yangu kama zile nyingine. Leo nataka kwanza iwe kwenye daftari, kwa mkono wangu.

Ni siku ya ishirini na tatu tangu daktari aniambie niache karanga. Alisema ni mzio. Ofisini wanaita aleji, na wengine wanalivuta neno lenyewe kana kwamba nimelinunua kwenye yale maduka mapya yenye viyoyozi.

Nimekula karanga tangu sijaota meno. Nimezipanda, nimeng'oa, nimemenya mpaka kucha zikauma. Halafu nimefika miaka thelathini na nne, mwili unazikataa. Ulianza upele baada ya kashata ya saa nne. Baadaye, kwenye kumuaga mwenzetu aliyehamishwa, jicho moja likafumba kabisa nikiwa nimeshika sahani. Daktari aliniagiza niandike kila ninachokula na saa yake kwa wiki mbili. Niliandika. Alilisoma daftari taratibu, akawa anapiga mstari chini ya neno lile lile, ukurasa baada ya ukurasa.

Nilidhani kazi itakuwa kuacha ladha. Hapana. Dukani nasoma karatasi za biskuti za kutoka nje, nisizozielewa nazirudisha, basi. Nyumbani napika mwenyewe.

Kazi ni kula kwa watu.

Kila Jumapili mchana tunakula Msalato kwa mama mkwe wangu. Mwaka wa tisa sasa. Jumapili ya kwanza baada ya hospitali nilisema tumbo linanisumbua. Ya pili nilisema nalipa siku zangu za Ramadhani. Uongo juu ya funga, Mungu anisamehe. Jumapili iliyopita nilibaki nyumbani kabisa, nikamtuma mume wangu Salumu na mwanetu Rehema.

Kwetu huku mtu asiyekula kwenye nyumba ameshamwambia mwenye nyumba jambo zito bila kufungua mdomo. Majirani walianza kumuuliza mama kwa upole kama tumegombana. Ndipo akamwambia Salumu kwamba ataaibika uzeeni, watu watasema mkwe wake anauogopa mkono wake, kana kwamba anamtilia kitu. Salumu akamweleza habari ya karanga. Mama akajibu tu kwamba tuje.

Leo tukaenda. Wifi yangu Mwajuma alinipokea mlangoni.

"Karibu wifi. Leo hujafunga? Au karanga za Msalato zina mchanga?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Mama alikuwa amepika mboga mbili. Mlenda wa wote, wenye karanga, kwenye sufuria kubwa, na kijisufuria kidogo kimefunikwa na kisahani. Hicho akakiweka mbele yangu. Kisha, mbele ya wanawe na jirani mmoja aliyekuwa amepita kusalimia, akamega tonge la ugali wa uwele, akachovya kwenye mboga yangu, akala yeye kwanza. Alitafuna polepole ili kila mtu aone.

"Mama Rehema, nimeionja. Haina karanga hata moja. Kula, mwanangu."

Nikala.

Sasa niandike ninachoona aibu kukiandika. Kabla ya kukaa nilipitia uani kumwamkia mama jikoni. Kinu kilikuwa ukutani, mchi ndani. Kilikuwa kinang'aa mafuta, na punje za kahawia zimeganda pembeni. Kando yake, kwenye ungo, kulikuwa na unga wa majani ya mlenda uliotwangwa asubuhi ile. Nilijua. Daktari alisema nisile hata punje moja. Na kila mwanamke wa huku anajua kinu hakioshwi, kinapanguswa tu kwa kiganja, maana kikilowa kila siku kitapasuka.

Nilifungua mdomo niulize, nikaufunga. Mama mzima wa miaka yake amesimama kwenye moshi kunipikia mboga ya peke yangu, halafu nimkague kinu?

Kwenye tonge la tatu midomo ikaanza kuwasha. La nne sikulimaliza. Nilitaka kumwita Salumu, sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. Nikameza vidonge nilivyopewa na daktari, jirani akatupeleka kwa pikipiki yake mpaka zahanati, nikachomwa sindano na kuambiwa nisiondoke kwenye benchi kwa saa mbili.

Mama alifika kwa miguu. Alikuwa amevaa khanga ndani nje. Hakuingia, alisimama mlangoni akawa anamwambia nesi, si mimi.

"Nilionja mwenyewe. Watu wote waliona. Nilionja mwenyewe."

Alirudia mara tatu au nne. Miaka tisa sijawahi kumwona yule mama akiogopa.

Ningeweza kunyamaza tena. Koo lilikuwa linauma, nilikuwa na kisingizio.

"Mama, kosa ni langu. Nilikiona kinu. Kilikuwa kimetwangiwa karanga, nikanyamaza."

Akanigeukia. "Kinu?"

"Kinu, mama."

Akaja akakaa kwenye benchi, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Sasa ulinyamazia nini? Wakati ule mdomo ulikuwa bado haujavimba."

Nesi akaanza kucheka. Nami nikacheka, na kucheka kuliniuma. Mama hakucheka, lakini alinishika goti na hakutoa mkono wake mpaka nilipoambiwa niende. Akasema kile kinu alikuja nacho kutoka Kondoa, alipewa na mama yake, hawezi kukiacha kwa ajili ya mtu yeyote. Ila atamwambia fundi amchongee kingine. Kidogo, changu. Kitakaa ndani chumbani kwake, Mwajuma asikiguse.

Nimeshajaza daftari la daktari. Saa saba na dakika arobaini, ugali wa uwele na mlenda, matonge matatu na nusu. Saa saba na dakika hamsini, midomo, kisha sauti. Sababu: kinu.

Nilipoandika neno hilo ndipo nikakumbuka kwamba mama ana mwiko mmoja tu wa kukorogea mboga, na sufuria zilikuwa mbili.

Kalamu nimeiweka chini, nikaichukua tena. Mwanamke ameahidi kuchongesha kinu, na mimi bado nina la kumwambia. Jumapili ijayo nitatangulia peke yangu mapema, kabla moto haujawashwa. Nitakaa naye jikoni, nitamsaidia kuchambua majani, na nitamwambia habari ya mwiko. Nitaisema nikiwa na sauti yangu mwenyewe.