Swali la Kubaki

Jumatatu, 3 Machi

Wakili mkuu amerudi kutoka semina. Tena! Safari iliyopita alirudi na maua ya plastiki, eti yanapunguza msongo wa mawazo. Leo kaja na swali. Anasema tusisubiri mtu aache kazi ndipo tumuulize kulikoni. Tumuulize angali nasi: nini kitakufanya ubaki? Muulizaji ni mimi, msimamizi wa makarani na wapiga chapa wa ofisi hii. Mawakili wenyewe hawaulizwi. Nadhani wao wamepigiliwa misumari vitini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na tarishi, anayepeleka majalada mahakamani. Akanitazama weee.

"Kwani naondoka?"

Hapana, nikamwambia, ni swali tu. Akataka kujua nani kasema anaondoka. Asubuhi nzima nambembeleza — na jalada likachelewa mahakamani.

Mchana zamu ya Cherehani. Tunamwita hivyo kwa jinsi anavyochapa: hujamaliza chai yako, hati ya kiapo imetoka, haina doa. Alipokuja hapa hakujua hata kuweka pambizo. Nimemfundisha mimi, kwa mkono wangu, na kwa mdomo wangu pia. Amesema hajawahi kufikiria kuondoka. Akaacha kuchapa.

"Ila ngoja nifikirie, dada."

Sikuipenda ile ngoja.

Alhamisi, 6 Machi

Minong'ono kila kona. Ofisi inapunguza watu, ndiyo maana tunaulizwa! Tarishi kamwambia mkewe, mkewe kaanza kumtafutia kazi kwa shemeji. Karani wa masjala amevaa tai. Sijapata kumwona na tai. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kwa daktari wa meno.

Wakili mkuu amefurahi. Anaona watu wamechangamka.

Jumatatu, 10 Machi

Cherehani amefikiria. Kaja na majibu, kwa adabu zake zote: kiti kisichomuumiza mgongo, asomeshwe ukarani wa sheria, na aitwe kwa jina lake, maana wakili mkuu humwita "wewe wa kompyuta".

Nimeyapeleka juu. Hilo la masomo nimelipigania mpaka sauti ikakauka. Wakili mkuu akaniuliza: tukimsomesha, si ataondoka? Nikamuuliza, na tusipomsomesha? Akasema basi tumpe cheti cha shukrani. Chenye fremu.

Ijumaa, 14 Machi

Cherehani ameaga. Anahamia kwa mawakili wa ng'ambo ya barabara. Watamsomesha. Kiti kipya kinamsubiri, nimekiona kupitia dirisha lao.

Kapewa cheti chake mbele ya watu, tukapiga makofi. Alikichapa mwenyewe — nani mwingine angekichapa?

Nimelia chooni. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nimelia kwa ajili yake, na kidogo kwa ajili yangu. Wiki mbili nazunguka na lile swali, nimeuliza mpaka mfagizi. Mimi sijaulizwa na mtu.

Jumanne, 18 Machi

Cherehani kapiga simu asubuhi hii. Kule wanatafuta msimamizi wa makarani, na kanitaja mimi. Halafu akacheka.

"Dada, nini kitakufanya uje?"

Nimemwambia anipe muda, apige tena baadaye. Sijui hii ni hofu au furaha. Furaha, nadhani.

Wakili mkuu kaingia. Kavuta kiti, kakaa mbele yangu hapa hapa, anaongea mfululizo: sisi ni familia, watu ndio mtaji, tujipange. Anadhani naandika anayosema. Naitikia kwa kichwa, kalamu inaendelea.

Sasa ameshusha sauti. Anasema hili libaki kati yetu wawili: mimi ninayewajua, namwona nani mwingine anayeweza kutuhama? Ili tumuwahi na swali.

Simu inanguruma ndani ya droo. Anasema nipokee tu, huenda ni mteja.