Kaburi la Filamu ya Amosi

Jumatatu, 1 Septemba
Sare za shule tangu asubuhi. Kola, kola, kola. Umeme umekatika, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga, sijali. Mafundi wenzangu wa hapa Area D wamenuna kutwa.

Amosi amepita kuchukua koti lake jeusi. Zipu ilikwama tena, nimeipaka mshumaa. Mdogo wangu huyu amemaliza chuo, na badala ya kutafuta kazi ametengeneza filamu ya kutisha. Muuaji anafufuka na kuchinja wanafunzi. Waliirekodi nyumbani kwetu Kibakwe mwezi wa saba. Muuaji ni yeye mwenyewe, kwa sababu aliyepangwa aliugua. Jumamosi ndiyo uzinduzi, anataka kusimama mlangoni na koti. Kwa joto hili. Shauri yake.

Jumatano, 3 Septemba
Baba mdogo kapiga simu kutoka Kibakwe. Mama hataki kuja. Sikuelewa. Siku ya kutolewa mtoto wa jicho kule hospitali ya Mvumi imeshapangwa, tumeisubiri tangu mavuno. Jicho la kushoto limeziba. La kulia linaona ukungu tu. Juzi amemimina uji wa moto mapajani akidhani bakuli lipo. Leo hataki.

Sababu ni shimo. Amosi na wenzake walichimba kaburi nyuma ya zizi kwa ajili ya filamu, kaburi kamili, wakaondoka bila kulifukia. Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Hata maiti ikipelekwa kuzikwa kwingine, unalazwa mgomba mle ndani, watu wanatupia udongo, yamekwisha. Likibaki wazi linamngoja mtu wa nyumba hiyo. Mama kasema, anayekwenda kupasuliwa ni mimi, sasa mnadhani linamngoja nani?

Mama ni mzee wa kanisa. Anaongoza maombi ya kina mama kila Alhamisi. Sijui nimcheke au nimwogope.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemwambia Amosi akafukie. Kakataa. Filamu inaishia na mkono ukichomoza kwenye kaburi lile, na sehemu ya pili inaanzia hapohapo.

"Dada, ile ni lokesheni. Tukifukia tukachimba upya, udongo hautafanana."

Nikamwambia macho ya mama je. Akasema mama katiwa hofu tu, atakuja.

Nimekasirika. Halafu nikaona pengine anasema kweli, shimo ni shimo. Halafu nikajiuliza, kama ni shimo tu, mbona mimi nisingekubali kulala kando yake? Nimekata kitambaa cha mtu vibaya.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeitazama mpaka mwisho na sijui ilihusu nini.

Muuaji anatokea kwenye vioo. Baadaye anagonga mlango. Mtu anayepita kwenye vioo anagonga mlango wa nini? Anachomwa moto, hafi. Anaangukiwa na jiwe, hafi. Wasichana wanakimbia na viatu virefu kwenye mawe yale ya Kibakwe, ambako hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Na huyo muuaji nimeshamwona. Tangu niko shule ya msingi nimemwona kwenye kila banda la video: kinyago kilekile cheupe, ukimya uleule, panga lilelile. Amosi kamtoa huko akamvalisha koti nililoshona mimi. Alikuwa nani kabla hajafa, nani alimkosea, hatuambiwi.

Pale pa kutisha watu walicheka. Mkono ulipochomoza udongoni walicheka zaidi. Mimi sikuweza. Ukumbi mzima ulikuwa hauogopi, na mimi nilikuwa nalitazama kaburi lile kwenye skrini nikiogopa kwelikweli.

Amosi kaniuliza imekaaje. Nimemwambia koti limetokea vizuri.

Jumapili, 7 Septemba
Amosi hapokei simu. Sikwenda kanisani.

Jumatano, 10 Septemba
Tumefika Kibakwe, mimi na Amosi. Kaja na kompyuta yake. Mpango wake ni kumwonyesha mama kwamba yote ni maigizo, hofu imtoke, twende Mvumi Jumatatu. Nimekubali kwa sababu sina mpango mwingine.

Mama kaketi kwenye mkeka uani, kainamisha kichwa upande mmoja. Anasikiliza tu. Mimi namweleza: sasa anatoka kwenye kioo, sasa wanakimbia. Nikielezea inakuwa mbaya zaidi.

Filamu ilipokwisha akauliza, "Huyu marehemu, nani alimuua?"

Amosi akasema itajulikana sehemu ya pili.

"Nani alimzika?"

Amosi akakuna shingo.

"Walimlilia?"

Amosi alikuwa anatazama vidole vyake. Mama akasema, taratibu, bila kumdhihaki, "Basi hata mimi ningefufuka, baba."

Amosi kafunga kompyuta, kaenda nyuma ya zizi. Amekaa huko muda mrefu. Sikumfuata.

Alhamisi, 11 Septemba
Asubuhi Amosi kashuka bondeni peke yake, karudi na mgomba begani, shati limejaa utomvu. Hakuna aliyemtuma.

Mama kataka ifanyike sawasawa. Majirani wamekuja, wengine na unga, kama msiba. Hakuna aliyejua acheke au anyamaze. Baba mdogo kauliza marehemu anaitwa nani. Amosi kafikiri sana. Hajawahi kumpa jina. Tumeuzika mgomba hivyohivyo. Mama kashikwa mkono akatupa udongo wake, na Amosi kafukia mpaka mwisho, hakutaka kupokewa jembe.

Nimelia. Kwa mgomba. Sijui nililia nini na sitaki kuulizwa.

Jioni mama kaniambia nimfungashie kanga zake za safari.

Jumanne, 16 Septemba
Mvumi. Jicho la kushoto limepasuliwa leo. Nje, Amosi alikuwa anazunguka mti mmoja kama ng'ombe wa kamba. Kama mama asingetoka salama ningesema ni shimo? Ningesema si shimo? Katoka salama, anaomba chai. Na bado sijui.

Jumatano, 17 Septemba
Bandeji imetolewa. Kanitazama. Kasema nimenenepa. Amosi kaambiwa anyoe.

Jumapili, 21 Septemba
Mama yuko kwangu. Anaokota sindano sakafuni, anazipanga. Mchana kamwambia Amosi alete ile filamu, sasa aitazame kwa jicho.

Hakushtuka popote. Wasichana wanapiga kelele, yeye anachambua mchele. Kisha ikafika pale muuaji anapokatiza uwanja, mbali, mgongo kwetu, hafanyi chochote, anatembea tu.

Mama kaweka ungo chini.

"Rudisha pale."

Amosi karudisha. Mama kasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kasema baba yenu alitembea hivyo. Mguu wa kulia ukichelewa kidogo, bega likishuka.

Baba alikufa Amosi akiwa tumboni. Hata picha yake tuliyonayo amekaa kwenye kiti. Nilimuuliza Amosi nani kamfundisha mwendo ule. Kasema aliuiga kwenye filamu, kisha kasema hakumbuki ipi.

Mama kataka kipande kile kirudishwe tena. Na tena. Amosi anarudisha. Nimewaacha hapo, nikamalizia kuchambua mchele.